Lenzi za kubeba Mji Mkongwe: 35, 50, zumu au tele?

Ushauri anaopewa karibu kila mtu anayenunua kamera ya kwanza pale Dar ni mmoja: chukua 50 ya f/1.8 (lenzi ya milimita 50; namba ya f ikiwa ndogo, tundu la kuingiza mwanga ni kubwa), bei yake inabebeka, inaona gizani, utanikumbuka. Nami nimeshautoa mara nyingi. Halafu siku moja nikavuka nayo Unguja, kamera yenyewe ya sensa ndogo (sensa ni kipande cha ndani kinachopokea picha), nikasimama mbele ya mlango wa nakshi kwenye kichochoro cha upande wa Hurumzi. Mgongo umeshagota ukuta wa jirani. Nachungulia, naona misumari sita ya shaba, mnyororo na robo ya ubao wa juu. Nataka kurudi nyuma, nyuma hakuna. Mama mmoja aliyekuwa akipita na kikapu akasubiri kwa adabu nimalize, nami sikuwa na cha kumaliza.

Tangu hapo nimevuka na karibu kila kitu: zumu (lenzi inayovutika) ya 24-105, 35 peke yake, 16-35, 85, na safari moja ya kujitesa na 70-200, tele ya kuvuta vya mbali. Nazilinganisha hapa kwa ajili ya safari ya aina moja tu: unapanda boti Ijumaa, unalala siku mbili Mji Mkongwe, unazunguka kwa miguu asubuhi hadi usiku, unarudi Jumapili. Kama unakwenda Serengeti au umekodiwa kupiga harusi, maneno haya yatakupoteza.

Kichochoro ndicho kinachopima

Tuseme umesimama mita 2.5 kutoka ukutani, na katika vichochoro vingi vya Mji Mkongwe hapo ndipo mwisho wa kurudi nyuma. Kamera ni ya fulu fremu, yaani ya sensa kubwa, na umeishika wima. Urefu wa ukuta unaoingia kwenye picha ni huu:

| Lenzi | Ukuta unaoingia |
|---|---|
| 16 | mita 5.6 |
| 24 | mita 3.75 |
| 35 | mita 2.6 |
| 50 | mita 1.8 |
| 85 | mita 1.06 |

Mlango mkubwa, ukihesabu fremu yake na nakshi za juu, humzidi mtu mrefu kwa mbali. Kwa 50 unapata mtu aliyesimama mlangoni, mlango wenyewe umekatwa kichwa. Kwa 35 mlango unaingia kwa kubanana. Kwa 24 unaingia pamoja na baraza la chini na paka aliyelala juu yake, na Mji Mkongwe haukosi paka.

Sasa hesabu inayowaumiza wengi wetu. Namba hizo ni za fulu fremu. Kamera ambazo wengi tunaanzia, kama Nikon D3500 au Sony a6400, zina sensa ndogo, kwa hiyo unazidisha kwa 1.5, za Canon kama 2000D unazidisha kwa 1.6. Ile 50 yako kwenye 2000D inaona kama 80. Rudi kwenye jedwali uangalie 85 inaingiza nini: mita moja na ushei. Ndiyo misumari yangu sita.

Kwa hiyo kwenye sensa ndogo, lenzi inayoona kama 35 ni ya 23 au 24, na inayoona kama 24 ni ya 15 au 16. Ile zumu ya 18-55 iliyokuja na kamera kwenye boksi, ambayo watu huionea aibu, pale kwenye 18 inaona kama 27 au 29. Kwa milango na vichochoro vya mchana inakutosha kabisa. Usiidharau kwa sababu imetengenezwa kwa plastiki.

35 au 50

Hapa nina upande, nisijifiche: kwa Mji Mkongwe nachukua 35, yaani inayoona kama 35 kwenye kamera yako.

Sababu ya kwanza mmeshaiona. Ya pili ni watu. Picha za mji huu haziko kwenye milango tu, ziko barazani. Nenda Jaws Corner jioni, kahawa inamiminwa kutoka kwenye dele, wazee wanacheza dhumna, redio inasema peke yake. Ukiwa na 35 na unataka picha ya mzee mmoja pamoja na meza na wenzake wawili, lazima ukae nao. Umbali wake ni umbali wa mazungumzo. Ukiwa na 50 unaweza kusimama pembeni kidogo. Ukiwa na 85 unapigia ng'ambo ya pili.

Niliwahi kupigia ng'ambo ya pili. Nilikuwa na 85, nimejibanza kwenye kona, naona nimepata pembe nzuri. Mzee mmoja, hata hakugeuza kichwa, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Mwanangu, mbona watuvizia kama askari kanzu? Njoo ukae kitako." Nikavuka na aibu yangu, nikatoa shikamoo, nikapewa kahawa chungu na kashata. Picha niliyoitundika nyumbani ni ya baadaye, kwa 35, magoti yetu karibu yagusane.

50 ina haki zake, nisiionee. Sura ya mtu inatoka vizuri zaidi kuliko kwa 35, ambayo ukisogea sana inamkuzia mtu pua. Nyuma panayeyuka kwa urahisi, na mahali penye mchafuko wa nyaya na mabango kama Mji Mkongwe, kuyeyusha nyuma ni msaada mkubwa. Ila kuna bei yake. Ukimpiga mtu akiwa mita 2 kwa 50 kwenye f/1.8, kamera ya fulu fremu, eneo linalotoka kali ni kama sentimita 17 tu, mbele hadi nyuma. Kwa 35 kwenye f/1.8 hiyo hiyo ni kama sentimita 35. Wachezaji wanne wa dhumna hawaingii kwenye sentimita 17. Anatoka mmoja, watatu wanabaki vivuli. Hapo unalazimika kubana tundu hadi f/4 au f/5.6, na ile faida uliyonunulia 50 imeondoka.

Kwa uzito hazina ugomvi. Canon 50 ya f/1.8 STM ina gramu kama 160, Fuji 23 ya f/2 ina 180, Nikon 35 ya f/1.8 ya sensa ndogo ina 200. Zote zinaingia mfuko wa koti. Hiyo Nikon 35 mkumbuke inaona kama 52, maana namba ya 35 juu ya boksi imeshawadanganya wengi.

Zumu au praimu

Hili ndilo swali zito zaidi, na jibu lake linabadilika jua linapozama.

Mchana zumu inashinda, tena kwa mbali. Ingia soko la Darajani, lile la mwaka 1904, saa 3 asubuhi. Mbele yako fungu la ukwaju; nyuma ya fungu muuzaji anacheka; pembeni mkokoteni unakuja, "hodi hodi!", una sekunde mbili za kupiga na moja ya kukwepa. Kwa 24-105 umepata vyote vitatu bila kuinua jicho. Mwenye praimu, yaani lenzi isiyovutika, amepata kimoja, labda viwili. Na kubadilisha lenzi pale ndani, sakafu ina maji ya samaki na watu wanakusukuma, sikushauri hata kwa adui.

Jua la mchana pia halikudai lenzi ya tundu kubwa. Unguja iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na mwanzoni mwa Machi na sehemu ya kwanza ya Oktoba jua la adhuhuri linasimama karibu wima juu ya kichwa. Ndio muda mfupi ambao mwanga unafika hadi chini ya kichochoro. Siku nyingine ukuta mmoja wa juu unawaka na chini kuna kiza. Shida hapo ni tofauti ya mwanga, na lenzi haiitibu, iwe ya laki mbili au ya milioni nne. Pigia ukuta unaowaka, acha kivuli kiwe kivuli.

Basi jioni ifike. Unguja jua huzama mnamo saa 12 na nusu, na giza la huku halina subira. Nusu saa baadaye Forodhani imebaki na taa za wauzaji. Anayepiga chapati ya Zanzibar pizza ana taa moja juu ya kikaango, anayekamua miwa ana nyingine. Mikono yao haitulii. Unataka shata (muda ambao kamera inaacha mwanga uingie) ya sekunde 1/125 angalau, la sivyo mikono inageuka moshi.

Tuseme kwa f/1.8 kamera imekubali ISO 1600 (ISO ni kiwango cha kamera kuukuza mwanga; kikipanda, picha inapata chembechembe). Tundu la f/1.8 linaingiza mwanga karibu mara tano ya f/4, kwa hiyo mwenye 24-105 ya f/4, kwa shata hiyo hiyo, anahitaji ISO kama 8000. Mwenye zumu ya kwenye boksi, akiwa ameivuta hadi f/5.6, anakaribia 16000. 2000D haifiki hata huko, inaishia 12800, na hapo picha imeshamwagiwa mchanga.

Muuzaji wa lenzi atakwambia zumu ina kidhibiti cha mtikisiko. Kweli inacho, na ni kizuri: unashika kamera kwa mkono kwenye 1/15 na jengo linatoka kali. Lakini kinatuliza mkono wako wewe, hakimtulizi mpishi. Niliirudia picha moja ya mkamua miwa mara saba kwa 24-105: meza kali, taa kali, glasi kali, na mahali pa mtu pana wingu lenye kofia. Kwa 35 ya f/1.8 ilitoka mara ya pili, hadi matone yanaonekana.

Kuna kundi la tatu, zumu za f/2.8 kama Sigma 24-70. Hizo zinapunguza pengo, zinaingiza mwanga mara mbili ya f/4. Ila Sigma hiyo ni gramu 700 na zaidi, na mfuko utaujua mwenyewe. Mpiga picha wa kulipwa abebe. Wa mapumziko ya siku mbili, sioni.

Ningekuwa na nafasi ya lenzi moja tu na najua nitalala mapema, zumu. Ningekuwa na moja tu na nataka picha za usiku, 35 bila kuuliza. Kwa kuwa begi lina nafasi ya mbili, nabeba zumu ya f/4 kwa mchana na 35 ya f/1.8 kwa jioni, na nabadilisha mara moja tu kwa siku, chumbani, kabla ya Magharibi.

Lenzi pana sana: iulize simu

16-35 niliibeba safari mbili. Sitaibeba ya tatu. Lenzi kuu ya simu nyingi za sasa inaona kama 24 hadi 26, na ile ya pili iliyo pana inaona kama 13. Mchana, kwa picha ya ngazi za ndani ya nyumba au kichochoro kinachopinda, simu inatosha, na haina gramu 615 kama Canon 16-35 ya f/4.

Majengo makubwa ya mbele ya bahari nayo hayahitaji upana huo. Beit el-Ajaib ya mwaka 1883, ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, ina bustani ya Forodhani mbele yake; rudi nyuma utakavyo. Ngome Kongwe hivyo hivyo. Na lenzi pana ukiinua pua yake kidogo tu kuta zinaanguka kwa nyuma kama zimelewa. Wengine wanaipenda hali hiyo. Mimi naona nyumba za Mji Mkongwe zina shida za kutosha bila kuongezewa.

Mwenye sensa ndogo ya Canon akiitaka kweli, ile 10-18 ina gramu 240 tu na inaona kama 16 hadi 29. Hiyo haina ubishi begini.

Tele na 85

70-200 ya f/2.8 ya Canon, ya zamani yenye pete nyekundu, ina gramu 1,490. Ni kilo moja na nusu ya sukari inaning'inia shingoni siku nzima kwenye joto la Unguja. Safari niliyoibeba nilirudi na picha kumi na moja zake. Nzuri tatu.

Nikiri hizo tatu ni nzuri kweli. Mbili ni za juu ya paa, mabati yenye kutu yamepangana hadi minara miwili ya kanisa la Mtakatifu Yosefu, jinsi tele inavyozikusanya nyumba za mbali zikawa kama zimebebana. Ya tatu ni ya makachu, vijana wanaoruka baharini kutoka ukuta wa Forodhani jioni, mmoja yuko hewani kichwa chini na nyuma yake jahazi. Lakini wale vijana wanakuruhusu usogee, tena ukisogea ndio wanazidisha mbwembwe. Kwa 35, ukiwa umeketi juu ya ukuta ule ule na shata 1/1000, unapata mruko pamoja na wenzake wanaopiga kelele. Naipenda zaidi hiyo.

Kama unakwenda Februari kwa ajili ya Sauti za Busara na unataka wanamuziki jukwaani pale Ngome Kongwe, hapo tele ina kazi yake na hakuna mbadala. Ikodi Dar kwa siku hizo, irudishe.

85 ya f/1.8 ya Canon ni nyepesi, gramu 425, na kwa sura ya mtu aliyekubali kupigwa haina mpinzani. Ila haisogei chini ya sentimita 85, na mtu aliyekubali kupigwa unaweza kumpiga kwa 50 pia. Nimeshaiacha nyumbani.

Kuhusu kukubali: urefu wa lenzi si ruhusa. Salamu kwanza, kisha omba. Akina mama wengi watakataa, na "hapana" ya mtu wa Unguja huja kwa upole sana, isikilize vizuri. Kwa mtu anayeswali usiombe hata.

Unyevu hauchagui bei

Hoteli ina kiyoyozi, nje kuna mvuke wa bahari. Toka na lenzi baridi, kioo kinapiga ukungu papo hapo, na ukifuta unarudi. Zumu kubwa zinachukua muda mrefu zaidi kupata joto kwa sababu zina vioo vingi. Ile 35 ndogo inapona haraka. Dawa ni kuliacha begi, zipu imefungwa, mahali pasipo kiyoyozi nusu saa kabla ya kutoka. Mimi huliweka bafuni.

Chumvi nayo: upepo wa Forodhani unaacha utando kwenye kioo cha mbele. Puliza kwanza, ndipo ufute kwa kitambaa chake. Ncha ya kanga au shati inasugua chumvi kwenye kioo kama msasa. Zumu inayochomoza ikivutwa huvuta pia hewa hiyo ya chumvi ndani. Praimu nyingi zinakaa kimya zaidi. Na ukinunua lenzi iliyotumika, Dar, Mombasa au Unguja kwenyewe, mulika tochi ya simu kutoka upande wa nyuma, uchungulie mbele: ukiona nyuzi kama utando wa buibui, ni kuvu, irudishe mezani hata kama bei inatabasamu.

Kabla hujalipa

Mwenye 2000D au D3500 na bajeti ndogo: baki na 18-55 yako kwa mchana, ongeza moja ya usiku. Wa Canon anaitazama ile 24 ya f/2.8, gramu 125, bapa kama biskuti, inaona kama 38. Inapata mwanga mara mbili tu ya zumu yako, lakini haimtishi mtu. Kama 50 unayo tayari, ibebe kwa ajili ya Forodhani, pale kuna nafasi ya kurudi nyuma, na uisahau vichochoroni. Mwenye fulu fremu: 24-105 na 35. Mwenye kuchukia mabegi: 35 peke yake, na simu kwa milango mikubwa.

Na kama bado unasita, kompyuta yako inajua jibu. Fungua picha 200 za mwisho ulizopiga kwa zumu yako, angalia kila moja ilipigwa kwa milimita ngapi. Namba hiyo imeandikwa ndani ya faili. Zangu zilikuwa zimerundikana mwanzoni kabisa mwa zumu, na nyingine kwenye mwisho wake wa 105, katikati karibu patupu. Zile za 105 nilizifungua moja moja. Nyingi zilikuwa za watu waliokuwa hawajui nipo.